Barakoa ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu nilimjua kwa miguu. Buti nyeusi za mpira, ya kushoto imezibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na suruali ya kaki iliyochomekwa ndani yake. Uso wake sikuujua. Tangu niolewe hapa Kinyala tumeishi uwanja mmoja, mabinti zangu wawili wamezaliwa na kukulia kwenye uwanja huo, na kama angefariki miaka yote hiyo ningeingia mochwari nikashindwa kuwaonyesha ni yupi.

Wasio wa huku wakisikia hivyo hucheka. Wacheke. Kwetu Wanyakyusa mkamwana humwogopa baba mkwe, na kuogopa kwenyewe kuna taratibu zake. Humtazami. Humsemeshi. Hupokei kitu mkononi mwake. Akitaka kukupa anaweka chini, anaondoka, ndipo unakwenda kuokota. Mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Hata neno linalofanana na jina lake hulitamki, na ndiyo maana mpaka leo kuna chombo kimoja jikoni kwangu nakiita "kile cha kupakulia". Mjini Tukuyu vijana wengi wameyaacha mambo hayo, utawakuta wamekaa sebuleni na wakwe zao wanatazama mpira. Mzee wetu hakuacha. Angeachaje, na ndiyo ilikuwa burudani yake?

Maana alikuwa ananivizia. Naapa. Ananiona natoka kisimani na ndoo kichwani, au natoka shambani na mkungu wa ndizi, basi ananyatia nyuma yangu, akishafika karibu anakohoa. "Khoo!" Mimi huyo, mtaroni. Maji yamemwagika, kitenge kimejaa tope, na nyuma yangu namsikia anacheka huku anaondoka. Mvua ya huku haina likizo, na mtaro wa njia ya kwetu sijawahi kuuona umekauka. Aliwahi kunifanyia hivyo nikiwa na mimba ya binti wa pili, pale kwenye mteremko wa kisima. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote na sioni sababu ya kulipamba neno.

Na mimi bado nilikuwa na nafuu. Mama mkwe alikuwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyopinda vikakaukia hapo hapo. Vilivunjwa na mpini wa jembe, sababu chumvi ilizidi kwenye mboga. Chumvi! Lakini kilichommaliza mama yule si mpini, ni sauti. Mzee alikuwa na sauti ya kuvuka bonde. Akiwa migombani anamtukana mkewe, anamtukana mama aliyemzaa, meno yake, mapishi yake, namna anavyotembea, na watu wa kilima cha pili wanasimamisha majembe wasikilize. Jumapili kanisani anafumba macho anaomba sala ndefu, tamu, mpaka wageni wanauliza huyu baba ni nani. Mama mkwe alikuwa anajibu tu, "Ee, tata," ndiyo baba, huku anaendelea kumenya ndizi. Akicheka, na alicheka kwa nadra, alifunika mdomo kwa ule mkono mbovu. Mimi nilidhani amekwisha, hana tena kitu ndani. Kumbe!

Sasa nije kwenye barakoa.

Tuna chama kidogo cha wakulima wa parachichi. Wanunuzi hawataki tunda lenye alama ya mdudu, kwa hiyo miti inapigwa dawa. Huku tunaiita dawa, kama vile inamtibu mtu. Wapigaji dawa wetu walikuwa wanajifunga kitambaa puani, wanabeba bomba mgongoni, wanapuliza tangu asubuhi, wakimaliza wanakunywa maziwa wakiamini maziwa yanaosha kifua. Wakitapika wanasema ni njaa. Mmoja alikuwa anatetemeka mikono hata kikombe hashiki, na watu wakasema amerogwa na shemeji yake.

Wakaja watafiti kutoka chuo fulani, wakatuletea barakoa za majaribio. Zilikuwa za mpira, zinashika uso wote wa chini, na pembeni zina makopo mawili madogo ya filta. Dada mtafiti aliyetufundisha, binti mwembamba, mpole, hata kuku angemfukuza, alifungua filta moja akatumwagia kilichomo kwenye sahani. Chembe nyeupe kama chenga za mchele. Mama mmoja akauliza hapo hapo kama tunaweza kupewa za kuhifadhia maharage.

"Hii ni plastiki," dada akasema, "lakini kila chembe imejaa vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mvuke wa sumu ukipita unanasa humo. Na ndani ya vitundu tumeweka kitu kinachouvunja ule mvuke taratibu, mpaka usiweze tena kudhuru."

Nikamuuliza kama ni sifongo. Akasema sifongo inakunywa tu, hii inakunywa na kusaga. Ila ina kipimo chake. Sumu ikija nyingi kwa mfululizo, kusaga kunachelewa, vitundu vinajaa, na filta iliyoshiba haizuii kitu. Zikishiba chembe hugeuka rangi ya kahawia, na kila filta ina kidirisha cha kuzitazama. Halafu akasema jambo lililonikaa kichwani kuliko yote. Akasema filta haijui kama umeivaa au hujaivaa. Ukiiacha wazi mahali penye sumu, inakunywa usiku na mchana, na siku ukiivaa unavaa kitu kilichokwisha kazi yake. Kwa hiyo ukishamaliza unaifungia kwenye kopo lenye mfuniko, unaliweka mbali kabisa na stoo ya dawa.

Chama kikanichagua mimi kuwa mtunza barakoa na kuwafundisha wengine. Nilimaliza kidato cha nne, na sina haya ya kusema mbele za watu. Tukaitisha mafunzo kwenye ukumbi wa kata.

Nipo mbele, barakoa usoni, naonyesha mikanda inavyokazwa, nikaona buti mlangoni. Ile ya kushoto ina kiraka cha tyubu. Nikageuka ukutani haraka. Mzee alikuwa ndiye mpigaji dawa mkubwa kuliko wote, anaitwa kila kijiji, na bila yeye mafunzo yale yalikuwa mchezo. Lakini aingie vipi ukumbi ambao mkamwana wake amesimama mbele?

"Mimi nikae chini nifundishwe na mwanamke wa mwanangu," akasema kwa ile sauti yake, "tena kanigeuzia makalio?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nimetazama ukuta, nimevaa lile limpira, jasho linanitiririka. Akaongeza, na hapo hakuna aliyecheka:

"Sikieni wote muwe mashahidi. Mtu wa nyumba yangu akidhurika kwa haya makopo, huyu mwanamke ataondoka na begi alilokuja nalo. Wajukuu zangu watabaki."

Halikuwa tishio la mdomoni. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, mwenye duka la spea Tukuyu, mke wake wa kwanza aliondoshwa hivyo hivyo kwa neno la mzee. Watoto wake anawaona kanisani, amekaa benchi la nyuma, na hawaruhusiwi kumsogelea. Nilishakaa naye benchi hilo. Najua jinsi anavyohesabu vichwa vyao.

Basi ikawa hivyo: pumzi za mtu niliyemchukia ndizo zilizowashika mabinti zangu. Akipumua sawasawa, nabaki. Akianguka, nawapoteza. Na nikimsemesha kumwonya, hilo nalo ni kosa la kuniondoa. Ukisikia mtu amebanwa mlango na ukuta, ndiyo huko.

Barakoa aliichukua, sikufichi, tena aliipenda. Nilipotoka nje alikwenda mezani akajichagulia mpya, akawa anatembea nayo kijijini kama askari. Dada mtafiti alijaribu kwenda nyumbani amweleze yeye mwenyewe namna ya kuitunza. Mzee akamwambia yeye hafundishwi na mtoto aliyeachishwa ziwa juzi, akamwonyesha njia. Wanangu sikuweza kuwatuma, maana mzee alishasema habari za kazi yake haziletwi na watoto, na wenyewe wakimwona walikuwa wanakimbia. Mume wangu alikuwa safarini, akabaki mjumbe mmoja, mama mkwe.

Nilimkuta jikoni. Nikamwelezea yote, polepole, kama dada alivyotuelezea: vitundu, kunywa, kusaga, kushiba, kopo, mfuniko. Alisikiliza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Akaniuliza mara mbili habari ya stoo.

"Kwa hiyo ikikaa na sumu, inakufa?"

"Inashiba, mama. Ni kama imekufa. Na hapo ni hatari kuliko kitambaa, maana mwenye kitambaa anaogopa, anageuza uso. Huyu mwenye barakoa atajiona ana kinga, ataingia kwenye dawa kifua mbele."

"Ee," akasema. "Nimesikia, mwanangu. Nitamfikishia."

Nikatoka nimefurahi. Nikasema angalau katika nyumba hii kuna mtu mwenye masikio.

Kila mzunguko wa dawa ulipoisha, wapigaji walinirudishia filta za zamani nami nikawapa mpya kwenye pakiti. Za wapigaji wengine zilirudi nyeupe bado, au zimeanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Za mzee alikuwa anaziweka juu ya gogo karibu na banda la ng'ombe, anaondoka, naenda kuokota. Zilikuwa kahawia tupu, na zinanuka dawa hata upande wa ndani, ule unaogusa pua. Kapiga shamba moja tu!

Nikamwendea mama mkwe. "Mama, ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Kopo analifunga?"

"Barakoa iko mahali pake, usiwe na wasiwasi."

Awamu iliyofuata, kahawia tena. Nikampelekea dada mtafiti, naye akaitazama akasema bila kusita kwamba hii imekaa wazi penye sumu. Nikarudi jikoni nikiwa nimepandisha hasira. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa huzuni akasema, "Huyo mzee mbishi, si unamjua? Nitamwambia tena." Akanishika bega kwa ule mkono wake. Mimi nikamwonea huruma yeye.

Mzee alianza kukohoa. Safari hii si ile khoo ya kunirusha mtaroni. Ilikuwa kikohozi cha maji, anatema, anatema, na asubuhi nilikuta mate mengi kwenye nyasi nje ya mlango wake. Nikampigia simu mume wangu, ambaye huendesha lori la ndizi kwenda Dar na wakati huo alikuwa njiani. Nikamwambia zungumza na baba yako, muulize barakoa anaiweka wapi, mwambie anakufa. Akampigia. Baadaye akanirudia, kicheko kimemjaa.

"Baba anasema umwache. Anasema anafanya vile vile kama ulivyoagiza wewe, hajapunguza wala hajaongeza."

Nikakaa chini nikamshukuru Mungu. Mjinga mimi.

Alianguka kwenye parachichi za jirani, siku ambayo mvua ilikatika asubuhi na jua likatoka bila upepo, dawa ikawa imening'inia chini ya miti kama moshi wa jikoni. Walikuja kuniita mimi, kwa kuwa ndiye niliyefundishwa huduma ya kwanza. Nikakimbia. Nilipoona buti zinatetemeka kwenye majani nikasimama.

Fikiria. Mtu amelala chini, mate yanamtoka, amejikojolea, anavuta pumzi kama msumeno kwenye ubao mbichi, na wewe pekee ndiye unayejua la kufanya, na huruhusiwi kumgusa wala kumwangalia. Nikageukia mti wa parachichi. Nikaukumbatia kabisa, nikaanza kupiga kelele nikiwa nimeutazama mti.

"Mvueni barakoa! Mvueni nguo zote, ndiyo, zote! Leteni maji na sabuni! Mlazeni ubavu! Msimpe maziwa! Nani kasema maziwa? Nitamzaba kibao!"

Wanaume wakawa wananitii. Nasikia maji yanamwagwa, nasikia mtu anasema macho yake yamekuwa na mboni kama kichwa cha sindano. Nikawaambia waseme hivyo hivyo hospitali, na wabebe chupa ya dawa waionyeshe. Pikapu ya mwenye duka la kijijini ikaletwa. Mama mkwe alifika wakati wanampakia. Alikuja akitembea, si kukimbia, na alikuwa amebadili kitenge, amevaa kile cha kanisani.

Hospitali Tukuyu walimchoma sindano nyingi, wakamwekea mashine ya kupumulia, wakamrudisha. Alipona, kama unaweza kuita vile kupona. Kifua kilibaki kibovu, miguu haina nguvu, na sauti ilikwenda. Daktari alisema mishipa ya koo imelegea, huenda itarudi, huenda isirudi. Kilichobaki ni mnong'ono, na wenyewe usikie mpaka uweke sikio mdomoni.

Shemeji alinikuta sokoni Tukuyu nikinunua sabuni za kumpelekea mgonjwa. Hakunisalimia.

"Baba ameniambia," akasema. "Kwa shida, lakini ameniambia. Alisema wewe ndiye uliyeagiza barakoa itundikwe stoo, juu ya madumu ya dawa, ikomae. Kwamba ni kama kibuyu kipya cha maziwa, ukikifukiza moshi siku nyingi ndipo kinafaa. Umemuua baba yangu akiwa hai, wewe mwanamke."

Sabuni zilinianguka. Kibuyu! Mimi ni wa kidato cha nne, sijawahi kufukiza kibuyu maishani mwangu, maziwa nanunua. Katika uwanja wetu mtu anayefukiza vibuyu ni mmoja tu. Anavitundika juu ya moshi, anavigeuza, anavinusa, na mtindi wake unasifiwa mpaka Kisiba. Na mzee alikula mtindi huo tangu ujana wake. Angekataaje maneno yaliyokuja kwa mfano wa kibuyu? Hata ungekuwa wewe, ungetundika.

Nilimkuta mama mkwe anamenya ndizi za mbalaga. Ndizi, maharage, maziwa kidogo, chakula cha huku cha kila siku. Nikasimama mlangoni.

"Mama. Ulimwambia nini?"

Hakuacha kumenya. "Nilimwambia ikomae."

"Mimi nilikwambia hivyo?"

"Wewe uliniambia ikikaa na sumu inakufa. Nilikusikia vizuri sana. Wewe unafundisha vizuri, mwanangu."

"Mama! Ulitaka kumuua?"

Hapo akanitazama. Sijawahi kuyaona macho yale yametulia vile. "Sikutaka afe. Akifa nitabaki mjane, nitagombaniwa na ndugu zake kama sufuria. Nilitaka apunguze sauti." Akafunika mdomo kwa ule mkono, mabega yakatikisika, na nikaelewa kwamba anacheka. "Gwe, Mungu ni mkubwa! Ameichukua yote!"

"Na mimi? Ninaondoshwa, mama! Wanangu wanabaki!"

"Mjumbe hauawi," akasema.

"Mjumbe ni wewe!"

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi." Akatumbukiza ndizi kwenye sufuria.

Nilitoka nje. Nilitaka kwenda kanisani nikapige kengele niwaambie watu wote. Halafu nikafikiri: nani ataniamini? Mzee mwenyewe anashuhudia kwamba maneno ni yangu. Mama yule ana miaka yote ile ya "Ee, tata", kijiji kizima ni shahidi wa upole wake. Mimi nina mdomo, na kila mtu anaujua mdomo wangu. Mume wangu nilipompigia alisema tu, "Subiri kikao," na nikasikia kabisa kwamba hata yeye hajui amwamini nani.

Kikao kilikaliwa baada ya ibada ya Jumapili. Waliingia ndani shemeji, mume wangu, baba wadogo wawili, mzee wa kanisa, na mama mkwe. Mzee alikuwa amelazwa kwenye godoro chini ya dirisha, maana bila hewa ya dirisha alikuwa anabanwa. Mimi kwa kuwa ni mkamwana sikuingia. Nilikaa nje, chini ya dirisha hilo hilo, mgongo ukutani, mabinti zangu nimewapeleka kwa jirani. Kutoka kichwa chake hadi changu palikuwa na unene wa tofali tu. Hakuna aliyelifikiria hilo.

Shemeji alieleza mashtaka. Akaeleza vizuri, kama mtu anayeuza spea. Akasema nyumba hii iliahidiwa kwa mdomo wa baba mbele ya mashahidi, na sasa baba aulizwe mwenyewe, neno lake litimizwe. Mzee wa kanisa akasema ni haki. Nikasikia nguo za mama mkwe zinachakarika, anapiga magoti karibu na godoro, anainama.

Mzee alinong'ona. Nilimsikia kuliko yeyote mle ndani isipokuwa mkewe.

"Aondoke leo. Watoto wabaki. Asiwaage."

Asiwaage! Niliingiza kitenge mdomoni nikakiuma. Sikuwahi kumfanyia mtu yule kitu, nilimpigia kelele za kumwokoa nikiwa nimekumbatia mti, na pumzi zake chache alizobakiwa nazo anazitumia hivyo.

Kisha nikamsikia mama mkwe, kwa sauti ndogo, ya unyenyekevu, ile ile ya siku zote.

"Amesema mkamwana abaki. Amesema kosa ni lake mwenyewe, hakusikia alivyoambiwa. Abaki anisaidie kumtunza."

Godoro likaanza kupigwa. Alikuwa anapiga kwa kiganja, pa, pa, pa, na koo linakwaruza hewa tupu. Aliyasikia maneno yake yanageuzwa mbele ya macho yake, masikio yake ni mazima, na hana cha kuyazuilia.

"Baba anasemaje?" shemeji akauliza. "Mama, anasemaje tena?"

"Anasisitiza," mama mkwe akasema.

Mzee wa kanisa akasema, "Bwana asifiwe." Baba mdogo mmoja akajipangusa pua, nikasikia anasema kwamba hakujua kaka yake ana moyo mkubwa namna hiyo. Mume wangu alikuwa analia, mwanaume mzima, analia kwa furaha.

Na mimi? Ningesema kitu gani? Kwamba jamani, mama anadanganya, baba kasema niondoke? Wewe ungesema? Basi.

Nilisimama. Nikageuka, nikashika fremu ya dirisha, nikatazama ndani. Watu wakashtuka, baba mdogo akasema "We!", lakini sikujali. Alikuwa na uso mdogo, wa kawaida kabisa, ndevu chache nyeupe, sikio moja limekatika ncha. Hakunitazama mimi. Alikuwa amemkazia macho mkewe, na niliona yanavyotoka kwenye uso wa mama yanashuka hadi kwenye mdomo wake, yanabaki hapo, na machozi yanaanza kutoka. Alikuwa anarudi nyuma, neno kwa neno, kwenye kila alichowahi kuletewa na mdomo ule. Nadhani alifika stoo. Nadhani alikiona kibuyu.

"Ndaga, tata," nikamwambia. Asante, baba. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake.

Mama mkwe akamfuta machozi kwa upindo wa kitenge, taratibu, kila mtu akiona. Halafu akainua uso akaniambia niende jikoni nikatazame ndizi zisiungue, na nikishapakua nianze na sahani yake yeye, si ya mzee.